Mwalimu, tazama kwanza ukuta ni wa nani

Mwalimu mmoja wa sanaa wa shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha mbili. Moja ni Mraba Mweusi wa Malevich, nyingine ni ya Arkady Plastov, ile ya madereva wa trekta wakila chakula cha jioni shambani na binti akiwamiminia maziwa. Mwanafunzi mmoja akauliza: mwalimu, watu hawa walianza na mraba mtupu, halafu wakarudi kuchora mkate na maziwa? Walichoka, au walikatazwa? Nilishindwa kumjibu."

Mwalimu, mpongeze sana huyo mwanafunzi, maana amegusa penyewe. Wapo waliochoka na wapo waliokatazwa, ila maneno hayo mawili hayatoshi. Mchoraji akiwa peke yake chumbani anaweza kuchora apendavyo. Picha huanza maisha yake mbele ya watu siku inapotundikwa, na mwenye kuamua itundikwe au isitundikwe ni mwenye ukuta. Katika nchi ile, Urusi iliyokuja kuwa Umoja wa Kisovieti, ukuta ulibadilisha mwenyewe mara kadhaa ndani ya miaka sitini. Ukiyafuata maonyesho moja baada ya jingine, na kila mara ukauliza ukuta ule ulikuwa wa nani, mambo yatakufungukia. Ukifuata majina ya mitindo yanayoishia na "izimu" utapotea njiani, na wanafunzi wako utapotea nao.

Tuanze Petrograd, mji uliokuja kuitwa Leningrad na leo St Petersburg, Desemba 1915. Vita Kuu ya Kwanza inaendelea, mfalme bado yuko kitini. Wachoraji 14 wanafungua maonyesho waliyoyapa jina la "Maonyesho ya Mwisho ya Wafuturisti, 0,10". Sifuri ni kwa sababu walitaka kufuta yote na kuanza upya. Kumi ni kwa sababu mwanzoni walitarajiwa wachoraji kumi. Ukuta ulikuwa wa mwanamke, Nadezhda Dobychina, aliyekuwa na ofisi yake binafsi ya sanaa karibu na Uwanja wa Mars. Walioandaa ni mtu na mkewe, Ivan Puni na Kseniya Boguslavskaya. Hapakuwa na wizara iliyowaita wala chama kilichowatuma.

Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kyiv, mtoto wa wazazi wa Kipoland, alileta picha 39 za miraba, mistari na misalaba ya rangi zinazoelea kwenye weupe. (Neno "Kirusi" tunalowapa wachoraji hawa wote kwa jumla lina ubishi wake. Wengi walizaliwa au kukulia Ukraine, Latvia, Belarus na Georgia, na wanafunzi wajue hilo mapema.) Mtindo wake aliuita suprematizimu, akiwa na maana kwamba hisia ya rangi na umbo iko juu ya vitu vyote vinavyochorwa. Mraba Mweusi hakuupanga na wenzake ukutani. Aliuweka juu kabisa, pembeni, pale kuta mbili zinapokutana karibu na dari. Katika nyumba ya Mrusi Mwothodoksi kona hiyo ni ya ikoni, yaani picha takatifu. Mgeni akiingia huielekea na kufanya ishara ya msalaba kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Kila aliyeingia pale alielewa mara moja. Mhakiki Alexandre Benois alielewa, na alikasirika kwelikweli. Aliandika kwamba huyu mtu amepanga mraba ule ukae mahali pa Bikira Maria.

Kwenye chumba kingine alikuwepo Vladimir Tatlin na kazi zake za bati, mbao na waya, zilizofungwa kwa kamba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, zikining'inia kwenye kona. Tatlin na Malevich hawakupatana hata kidogo. Tatlin, pamoja na Lyubov Popova na Nadezhda Udaltsova, walibandika tangazo mlangoni kwao kwamba hayo ni maonyesho ya wachoraji wenye taaluma, ili mtu asije akadhani wako kundi moja na yule wa miraba. Nakuomba uwasimulie wanafunzi wako ugomvi huu. Vitabu vinatuambia "avangadi", yaani wasanii waliotangulia mbele kuvunja desturi, kana kwamba lilikuwa jeshi moja lenye sare moja, kumbe walikuwa watu wanaobishana usiku kucha juu ya msumari upigiliwe wapi.

Sasa kuhusu mraba wenyewe. Picha uliyowaonyesha darasani, naamini, ilikuwa nyeusi tii, imenyooka kama tofali. Ya kweli haiko hivyo. Niliposimama mbele yake kwenye Jumba la Tretyakov mjini Moscow, kwanza nilishangaa udogo wake: sentimita 79.5 kwa 79.5, mtu mmoja anaibeba bila shida. Pili, pande zake haziendi sambamba na kingo za turubai, na Malevich mwenyewe kwenye orodha ya maonyesho aliuita "pembe nne" tu. Tatu, weusi wake umepasuka kote, kama tope la bwawa lililokauka kiangazi, na ndani ya nyufa zile unaona rangi nyingine zikichungulia. Malevich alipaka nyeusi juu ya picha nyingine bila kungoja rangi ya chini ikauke vizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Tretyakov walitangaza kwamba, kwa eksirei, wameona chini yake picha mbili za rangi. Hali yake ilizorota mapema kiasi kwamba mwaka 1929, alipoandaliwa maonyesho hapohapo Tretyakov, ilimbidi Malevich achore mwingine mpya. Kwa hiyo mwanafunzi akisema "mraba mtupu", mwambie si mtupu. Umefunika kitu, na kinajitokeza.

Liko jambo jingine linalotuhusu Waafrika moja kwa moja, na nasikitika kwamba halisemwi shuleni. Kabla ya maonyesho haya alikuwepo Mlatvia mmoja katika kundi lao, Voldemārs Matvejs, aliyeandika kwa jina la Vladimir Markov. Mwaka 1913 alizunguka makumbusho ya Ulaya na kamera akipiga picha vinyago vilivyochukuliwa Afrika. Hakuvipiga kama ushahidi wa "mila za washenzi", kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Alivipiga kwa ukaribu, pande tofauti, akitafuta namna mchongaji alivyopanga uzito: kichwa hiki kimebeba nini, shingo inakaaje juu ya mabega, kwa nini jicho limekuwa kauri. Alifariki 1914, na kitabu chake kikachapwa Petrograd mwaka 1919. Ni kati ya vitabu vya mwanzo kabisa duniani kukitazama kinyago cha Kiafrika kama kazi ya sanaa yenye hesabu yake. Sisemi kwamba mraba wa Malevich ulitoka Afrika. Nasema kwamba watu hawa, walipokuwa wakijifunza kuacha kunakili sura za vitu, waliwatazama wachongaji wetu kama walimu.

Mapinduzi ya 1917 yakaja, na ukuta ukapata mwenyewe mpya: dola. Hapa ndipo wengi wanakosea. Hudhani dola ya Kisovieti iliwachukia wachoraji hawa tangu siku ya kwanza. Sivyo. Kwa miaka michache iliwakumbatia. Kamishna wa elimu, Anatoly Lunacharsky, aliwapa ofisi, shule na bajeti. Idara iliyosimamiwa na Aleksandr Rodchenko ilinunua kazi zinazokaribia 2000 na kuzigawa kwenye makumbusho ya mikoani, hata miji ambayo haijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Tafadhali likumbuke hilo, maana litarudi. Marc Chagall alipewa mamlaka ya sanaa mjini kwao Vitebsk na akafungua shule mwaka 1919. Akamkaribisha Malevich afundishe. Malevich alipofika, wanafunzi walimhama Chagall mmoja mmoja, wakashona mraba mweusi kwenye mikono ya nguo zao, na mwaka 1920 Chagall akafunga mizigo akaondoka. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nampenda Malevich: yeye na wenzake waliponyanyaswa baadaye walistahili huruma yote, lakini walipokuwa wao na funguo za ukumbi, hawakuwa wapole kwa wenzao.

Septemba 1921, Moscow, watu watano walifanya maonyesho madogo yaliyoitwa 5x5=25, kila mmoja kazi tano. Rodchenko alitundika turubai tatu: moja nyekundu tupu, moja njano, moja buluu. Kwake uchoraji ulikuwa umefika mwisho wa njia, na sasa msanii aende kiwandani. Na kweli walikwenda. Popova na Varvara Stepanova waliingia kiwanda cha serikali cha kuchapa vitambaa mjini Moscow, wakabuni nakshi za duara na mistari kwa ajili ya nguo za kawaida. Vitambaa hivyo havina mji wala pindo kama kanga. Umbo linajirudia kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho, kama kitenge. Popova alisema hakuna mafanikio ya sanaa yaliyompa furaha kama kumwona mwanamke wa kijijini akinunua kitambaa alichokibuni yeye. Alifariki Mei 1924 kwa homa nyekundu aliyoambukizwa na mwanawe mdogo, ambaye naye alikufa siku chache kabla yake. Alikuwa na miaka 35.

Mwaka uliofuata ule wa 5x5 kazi zao zilipelekwa Berlin, kwenye maonyesho makubwa ya kwanza ya sanaa ya Urusi mpya nje ya nchi, na Ulaya ikapigwa na butwaa. Lakini nyumbani upepo ulikwisha kugeuka. Mwaka huohuo wa 1922 liliundwa shirikisho la wachoraji waliotaka picha za askari, wafanyakazi na viongozi, zichorwe kwa namna ambayo kila mtu ataelewa. Viongozi wa jeshi na wa chama tawala cha Kikomunisti wakaanza kuwaagizia wao kazi.

Mwalimu, kama una dakika kumi tu za kusimulia kisa kimoja darasani, simulia cha Pavel Filonov. Alikuwa mchoraji wa Leningrad, maskini wa hali, mkali kwa nafsi yake. Alichora kwa brashi nyembamba, akianza na kipande kidogo cha turubai na kukimaliza kabisa kabla ya kuhamia kingine, kama mtu anayesuka mkeka. Kwa hiyo picha zake ukizisogelea zinagawanyika kuwa maelfu ya vijipande, na ukirudi nyuma zinakuwa nyuso, farasi, miji. Aligoma kuuza. Alitaka kazi zake zikae pamoja, ziwe mali ya umma. Mwaka 1929 Jumba la Makumbusho la Urusi, hapohapo Leningrad, liliandaa maonyesho yake peke yake. Kazi zikatundikwa, kitabu cha orodha kikachapwa. Mlango haukufunguliwa.

Picha zilikaa ukutani miezi na miezi, taa zimezimwa. Waliletwa wafanyakazi wa viwandani wazitazame, kwa matumaini kwamba watazikataa na kuwapa wakubwa sababu. Wengi wa waliosimama kusema walitaka maonyesho yafunguliwe. Hayakufunguliwa. Hatimaye picha zikashushwa. Filonov alikufa njaa Desemba 1941, katika majuma ya mwanzo ya baridi ya kuzingirwa kwa Leningrad. Dada yake aliziokoa picha, na mwaka 1977 akalikabidhi jumba lilelile. Leo zinaonekana.

Unaona sasa kwa nini nilikwambia neno "kukatazwa" halitoshi? Hakuna askari aliyekuja kumwambia Filonov asichore. Ukuta tu ulinyimwa macho ya watu.

Tarehe 23 Aprili 1932 Kamati Kuu ya chama ilitoa azimio la kuvunja vikundi vyote vya waandishi na wasanii. Badala yake patakuwa na chama kimoja cha wachoraji. Azimio lenyewe halisemi neno juu ya miraba, lakini lilimaliza kazi. Kuanzia hapo oda za picha, chumba cha kuchorea, turubai, rangi, na mara nyingi hata nyumba ya kulala, vilitoka mkono mmoja. Novemba mwaka huohuo yakafunguliwa Leningrad maonyesho ya wachoraji wa miaka 15 ya dola mpya. Nikolai Punin, mhakiki aliyeshiriki kuyapanga, aliweza bado kumpa Malevich chumba, na Filonov chake. Yalipohamia Moscow mwaka 1933 walibanwa, na picha chache zilizobaki zikaonyeshwa kama mfano wa upotovu. Mwaka 1934, kwenye mkutano mkuu wa waandishi, uhalisia wa kijamaa, yaani sanaa inayofanana na vitu halisi na kuisifu jamii ya kijamaa, ukatangazwa kuwa njia rasmi. Punin alikufa kambini kaskazini mwaka 1953. Kazi za wenzake zikaingia ghalani, zikageuzwa uso kuelekea ukutani.

Hapa naomba tumtendee haki Plastov. Alikuwa mtu wa kijiji cha Prislonikha, na nyumba yake ilipoungua mwaka 1931 alipoteza karibu kazi zake zote za awali. Jioni ile nyekundu, udongo uliogeuzwa na jembe, weupe wa nguo za yule binti: mtu aliyeviona ndiye aliyevichora. Uhalisia wa kijamaa ulizaa picha nyingi za uongo, zenye tabasamu za kuagizwa, na sina sababu ya kuzitetea. Lakini Plastov ni mchoraji mzuri, na Aleksandr Deineka vilevile. Usiwafundishe wanafunzi kwamba wa mraba walikuwa wasanii na wa maziwa walikuwa watumwa. Kosa lilikuwa kuachia ukuta mzima upande mmoja. Hata sisi Afrika Mashariki tulipata upande huo tu: vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa Moscow, vilivyofika madukani kwetu kwa bei ya chini, havikuwa na habari za Malevich.

Picha za ghalani zilipona vipi? Nyingine zilipona kwa sababu Rodchenko na wenzake walikwisha kuzitawanya mikoani, mbali na macho ya wakubwa. Nyingine zilipona kwa mikono ya watu wachache waliozipenda. George Costakis, Mgiriki aliyezaliwa Moscow na kufanya kazi ya kawaida kwenye ubalozi wa Kanada, alianza kuzikusanya mwaka 1946, wakati ambapo hakuna aliyezitaka. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja alikuta kazi ya Popova, iliyochorwa juu ya plaiwudi, imepigiliwa misumari kuziba dirisha la nyumba ya shamba. Mwenye nyumba hakutaka kuitoa, kwa kuwa mvua ingeingia. Costakis alirudi mjini, akatafuta plaiwudi nyingine ya saizi ileile, akaja wakabadilishana. Alipohama nchi mwaka 1977 aliacha zaidi ya kazi 800 Tretyakov. Nyingi za zile alizoondoka nazo ziko Thessaloniki, Ugiriki. Na huko jangwani Karakalpakstan, Uzbekistan, Igor Savitsky alifungua jumba la makumbusho mjini Nukus mwaka 1966 na kulijaza picha alizopewa na wajane na watoto wa wachoraji, akiwaahidi kuwalipa pole pole.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka. Tarehe 1 Desemba 1962 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliingia ukumbi wa Manezh, karibu na Kremlin, akakutana na kazi za vijana zilizopangwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Akafoka na kutukana. Aliyemjibu uso kwa uso ni mchongaji Ernst Neizvestny, askari wa zamani aliyejeruhiwa vibaya vitani hata akadhaniwa amekufa. Khrushchev alipofariki mwaka 1971, familia yake ilimwomba Neizvestny huyohuyo atengeneze kaburi. Liko makaburi ya Novodevichy: mawe meupe na meusi yaliyofumana, na kichwa cha marehemu katikati.

Tarehe 15 Septemba 1974 mchoraji Oscar Rabin na wenzake, walionyimwa kila ukumbi, walikwenda kutandaza picha zao kwenye uwanja mtupu wa Belyaevo, pembezoni mwa Moscow. Kwa Mtanzania neno tingatinga humkumbusha Edward Said Tingatinga na rangi zake za baiskeli. Belyaevo yalikuja matingatinga ya kweli, pamoja na magari ya kumwaga maji, yakazikanyaga picha matopeni. Rabin aling'ang'ania bamba la mbele la mashine moja nayo ikamburuta. Waandishi wa habari wa nje walipigwa, kwa hiyo dunia nzima ikasikia. Wiki mbili baadaye dola ikatoa ruhusa ya saa nne katika bustani ya Izmailovo, na maelfu walikuja. Februari 1975 wakapewa paa, lakini lilikuwa la banda la ufugaji nyuki kwenye viwanja vya maonyesho ya uchumi.

Kwa kipindi chako kijacho nakushauri picha moja ya tatu. Ni ya 1933, iko Jumba la Makumbusho la Urusi, St Petersburg: Malevich amejichora mwenyewe. Uso unafanana naye kabisa, nguo ni za kale za Kiitalia, kofia kichwani, kiganja kimekunjuliwa kama mtu anayeeleza jambo. Ukiitazama haraka utasema huyu amesalimu amri, amerudi kwenye sura za watu. Iweke picha ya Plastov upande mmoja na mraba upande wa pili, halafu usiwaambie kitu. Waache wanafunzi waitafute sahihi ya mchoraji, chini, kwenye kona ya kulia. Hakuandika jina. Alichora mraba mdogo mweusi.